Maji yanayobaki mtoni nayo ni zao

KWA wakulima wengi wa umwagiliaji, maji yanayopita mbele ya shamba bila kuingia mferejini ni maji yaliyopotea. Mwenye pampu huyatazama yakienda zake kwa uchungu, kama mtu anayeona fedha zake zikiishia mfukoni mwa mwingine. Fikra hiyo inaeleweka, lakini si sahihi siku zote. Mahali pazuri pa kuipima ni jangwani, ambako kila tone lina mwenyewe.

Mfano mzuri ni sehemu ya chini ya Mto Orange, unaotenganisha Afrika Kusini na Namibia. Mto huo, ambao kwa lugha ya wenyeji wa asili wa huko huitwa Gariep, huanzia katika milima ya Lesotho kwa jina la Senqu. Husafiri kiasi cha kilomita 2,200 kuelekea magharibi hadi Bahari ya Atlantiki, na zaidi ya kilomita 500 za mwisho ndizo mpaka wa nchi hizo mbili. Katika eneo hilo la mpakani mvua ya mwaka mzima mara nyingi haifiki milimita 100, na katika miezi ya joto jua hupita nyuzi 40.

Barabara kuu inayotoka Cape Town kwenda Windhoek huvuka mto kati ya Vioolsdrif, upande wa Afrika Kusini, na Noordoewer, upande wa Namibia. Hapo zipo biashara mbili zinazotazamana kila siku. Ya kwanza ni kilimo cha kumwagilia. Ya pili ni kambi za mitumbwi, ambazo huuza kitu ambacho mkulima hakuzoea kukiita bidhaa, yaani siku moja ya kukaa juu ya maji.

Safari ya siku moja haina mambo makubwa. Wafanyakazi wa ofisi moja, wanafunzi na walimu wao, au familia tatu nne zilizochangishana, hukusanyika kambini asubuhi. Kila mmoja huvalishwa jaketi la kujiokolea na kuonyeshwa namna ya kushika kasia. Kisha huingia wawili wawili katika mitumbwi, au kwa pamoja katika boti la mpira la kujazwa upepo, na mto huwabeba.

Sehemu kubwa ya njia maji ni matulivu. Pale yanapokimbia juu ya mawe, mwongozaji hutangulia na kuwaonyesha wenzake pa kupita. Mchana hutia nanga mahali penye mchanga, wakala, wakaoga na kujilaza chini ya miti ya ukingoni. Jioni gari lenye tela huwasubiri chini zaidi na kuwarudisha kambini pamoja na vyombo vyao.

Mgeni huyo amelipia nini? Amelipia kimya, milima mikavu yenye miamba myeusi, tai mla samaki anayepiga kelele juu ya mti, na maji ya kuchezea katikati ya joto kali. Hakuondoka na maji hayo. Lita zilizombeba asubuhi zinaendelea na safari, na mwenye pampu aliye kilomita ishirini chini yake anaweza kuzivuta kesho na kumwagilia shamba lake.

Hapo ndipo hesabu ya mkulima inapopaswa kubadilika. Maji yanayoingia shambani huuzwa mara moja, kwa umbo la zabibu, mboga au majani ya mifugo. Maji yanayoachwa mtoni yanaweza kuuzwa kwa mwenye mtumbwi, kisha kwa mvuvi, kisha yakafika kwa mkulima wa chini. Kwa hiyo kuacha maji mtoni si ukarimu kwa matajiri wanaokuja kustarehe. Ni namna ya kuyafanya yazae mara mbili au tatu kabla hayajafika baharini.

UTULIVU HAUKUJA WENYEWE

Wengi wanaouona mto huo hudhani utulivu wake ni tabia ya kuzaliwa. Sivyo. Kabla ya miaka ya 1970 ulikuwa na hulka ya mito ya nchi kame, kwa maana ya mafuriko msimu mmoja na maji machache mno msimu mwingine. Bwawa la Gariep lilikamilika mwaka 1971, na linaweza kuhifadhi zaidi ya mita za ujazo bilioni tano. Bwawa la Vanderkloof, lililo chini yake, lilikamilika mwaka 1977 na ujazo wake ni zaidi ya bilioni tatu. Tangu hapo maji ya sehemu ya chini hutegemea sana kile kinachofunguliwa katika mabwawa hayo kwa ajili ya umeme na umwagiliaji.

Kutoka Vanderkloof hadi baharini ni kiasi cha kilomita 1,400. Maji yanayofunguliwa leo huchukua wiki kadhaa kufika mwisho, na njiani jua hunywa sehemu yake. Maana yake ni kwamba anayefungua mlango wa bwawa anakisia mahitaji ya watu asiowaona: mkulima wa Upington, mji wa mpakani, kambi ya mitumbwi na ndege wa mdomoni mwa mto. Akikisia vibaya, mmoja wao hukosa.

Utulivu huo pia una gharama, na anayeilipa si mwenye mtumbwi. Zamani maji yalipopungua sana, mabuu ya usubi yaliyoshikamana na mawe ya mtoni yalikufa kwa wingi. Mto ulipoanza kutiririka mwaka mzima, usubi nao ukapata makazi ya mwaka mzima. Wadudu hao hushambulia mifugo, hasa kondoo, wakiwauma masikioni na kwenye viwele, na mfugaji hupoteza wana-kondoo na uzito wa wanyama wake. Kwa miaka mingi Afrika Kusini imetumia hata helikopta kumwaga dawa ya kuua mabuu hayo mtoni.

Aidha, mabwawa hayakumaliza mafuriko. Mwaka 1988 mto ulifurika vibaya, na mwanzoni mwa mwaka 2011 maji yaliharibu mashamba ya zabibu kandokando yake. Anayejenga kambi au kupanda mizabibu karibu mno na ukingo kwa kuamini kuwa mto umefugwa, anajidanganya.

Kwa ufupi, mto mtulivu wa jangwani ni kazi ya mikono ya watu. Kuna aliyejenga ukuta, kuna anayefungua mlango, kuna anayepata faida na kuna anayeumwa na usubi. Wote hao wana haki ya kuulizwa.

MPAKA WA 1890, MGAO WA 1992

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya pekee ya kuufuatilia mto huu. Mstari wa mpaka wake ulichorwa katika mkataba ule ule wa tarehe 1 Julai 1890 ambao kwao Ujerumani iliiachia Uingereza Witu na kuukubali ulinzi wa Waingereza juu ya Zanzibar. Katika karatasi hizo hizo, mpaka wa koloni la Wajerumani la kusini-magharibi mwa Afrika uliwekwa kwenye ukingo wa kaskazini wa Mto Orange. Kwa maneno mengine, mto wote ulibaki upande wa Waingereza, na upande wa pili ukaachiwa ukingo mkavu.

Namibia ilipopata uhuru mwaka 1990, katiba yake ilisema mpaka wa kusini unafika katikati ya mto. Afrika Kusini haikuacha msimamo wa ukingo wa kaskazini. Hivyo anayepiga kasia katikati ya mto yuko nchi gani? Jibu hutegemea aliyeulizwa.

Pamoja na utata huo, mwaka 1992 nchi hizo zilitia saini makubaliano ya kuendesha kwa pamoja skimu ya umwagiliaji ya Vioolsdrift na Noordoewer. Skimu hiyo ilipewa mita za ujazo milioni 20 kwa mwaka. Kati ya hizo, milioni 11 ni za upande wa Afrika Kusini na milioni tisa ni za upande wa Namibia. Mwaka 2000 Lesotho, Botswana, Afrika Kusini na Namibia ziliunda tume ya pamoja ya bonde zima la mto.

Hilo ndilo jambo la kuigwa. Watu ambao hawajamaliza ugomvi wa mpaka waliweza kukubaliana idadi ya maji. Hawakusubiri wanasheria wamalize kubishana ndipo waanze kumwagilia. Waliandika namba, na namba ikimezwa na mmoja, mwenzake anajua adai nini.

Hata hivyo, mgao wa namna hiyo huhesabu mashamba, na mto wenyewe mara nyingi hubaki kuwa wa mwisho katika foleni. Mdomo wa Mto Orange uliingizwa katika orodha ya ardhioevu za Mkataba wa Ramsar mwaka 1991 kwa upande wa Afrika Kusini, na mwaka 1995 kwa upande wa Namibia. Mwaka huo huo wa 1995 upande wa Afrika Kusini ukawekwa katika daftari la ardhioevu zilizoharibika. Hayo ndiyo matokeo ya kila mmoja juu ya mto kuchukua chake akidhani anayefuata atakuta mengine.

HOJA ZA ANAYEPINGA

Mkulima makini atauliza maswali, na yana uzito. La kwanza ni ajira. Aussenkehr, kiasi cha kilomita 50 chini ya Noordoewer, ni eneo la zabibu za mezani zinazoiva mapema, Novemba na Desemba, wakati wanunuzi wa Ulaya wanazihitaji kabla ya Krismasi. Mavuno hayo huita vibarua maelfu, wengi wao kutoka kaskazini mwa Namibia. Kambi ya mitumbwi haiwezi kuajiri hata sehemu ndogo ya watu hao. Hakuna mwenye akili timamu atakayeshauri mizabibu ing'olewe ili watu wapate nafasi ya kupiga makasia.

Swali la pili ni uhakika. Machi 2020 mipaka ilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19, wageni walitoweka. Zao la shambani, hata likikosa bei, angalau huliwa. Kiti cha mtumbwi kisichouzwa Jumamosi hakiwezi kuwekwa ghalani kiuzwe Jumatatu.

La tatu ni nani hasa hupata fedha. Kikundi kikilipia safari mjini mbali, kikaja na chakula chake, maji yake na waongozaji wake, kijiji hubakiwa na alama za matairi na takataka za kuzoa.

Hoja hizo zote ni za kweli, lakini haziui biashara ya mitumbwi. Zinaonyesha tu ikae wapi. Ni zao la nyongeza, kama mizinga ya nyuki pembeni mwa shamba. Msimu wake hausigani sana na wa zabibu, kwani vikundi vingi hufika wakati wa Pasaka, zabibu zikiwa zimekwishasafirishwa. Trekta, tela, kivuli cha miti na njia ya kushukia mtoni ni vitu ambavyo mwenye shamba tayari anavyo.

Isitoshe, zabibu nazo hazina kinga dhidi ya tatizo la nani anafaidi. Kwa miaka mingi vibarua wa Aussenkehr waliishi katika vibanda vya matete huku matunda waliyoyachuma yakipanda meli kwenda kuuzwa kwa fedha za kigeni. Zao kuwa la shambani hakumaanishi kuwa fedha yake itabaki kwa wanaolitolea jasho. Kinachoibakiza ni mikataba.

Mfano wa mkataba upo karibu hapo hapo. Mwaka 1991 Hifadhi ya Taifa ya Richtersveld, iliyo kwenye ukingo wa kusini wa mto, ilianzishwa kwa makubaliano na wafugaji wa Kinama wenye eneo hilo. Hawakuhamishwa. Waliendelea kuchunga mbuzi na kondoo wao ndani ya hifadhi, na ardhi yao ikahesabiwa kuwa ya kukodishwa, si ya bure. Mwaka 2003 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliitambua haki ya jamii ya Richtersveld juu ya ardhi iliyonyang'anywa zamani kwa ajili ya almasi. Mwenye haki iliyoandikwa hukaa mezani. Asiye nayo hupungia mkono mitumbwi inayopita.

KIOO CHA RUAHA

Wakulima wa Tanzania wanaulewa ugomvi wa namna hii bila kueleezwa sana. Tangu mwaka 1993 Mto Ruaha Mkuu ulianza kukauka kila kiangazi katika eneo la Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Juu yake kuna mashamba ya mpunga ya Bonde la Usangu, na chini yake kuna watalii, wanyamapori na mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Mwaka 2006 wafugaji waliondolewa Usangu kwa maelezo kwamba mto utapona. Katika miaka iliyofuata uliendelea kukauka.

Mto Orange na Ruaha havifanani kwa kila kitu. Mmoja una mabwawa makubwa juu ya mashamba, mwingine una mashamba juu ya mabwawa. Lakini swali ni moja. Je, maji yanayobaki mtoni yana mtetezi mwenye namba mkononi, au yanatetewa kwa matamko na kufukuzana? Kufukuza kundi moja ni rahisi kuliko kupima maji ya makundi yote, na ndiyo maana hufanywa kwanza.

NINI KIFANYIKE

La kwanza ni kupima. Mkulima asiyejua pampu yake huvuta kiasi gani kwa siku hawezi kujitetea anaposingiziwa kumaliza mto, wala hawezi kumshitaki jirani anayezidisha. Kipimo kwenye mfereji ni ulinzi wa mkulima kabla hakijawa kazi ya ofisi ya bonde.

La pili, jumuiya za watumia maji zisiwe za wenye mashamba peke yao. Mwenye boti, mvuvi na mfugaji wakae humo, na mto wenyewe uandikiwe kiasi chake cha kiangazi kabla mgao haujaanza. Kinachobaki baada ya watu wote kushiba hakiitwi mgao.

La tatu linamhusu mfanyabiashara mdogo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini mwenyeji haponi kwa kumtazama mgeni akila alichokuja nacho. Achague sehemu moja ya safari aimiliki vizuri: mkate wa asubuhi, nyama ya kuchoma, barafu, matunda, au gari la kuwarudisha watu jioni. Awe na makubaliano ya maandishi na mwenye kambi yanayotaja kiasi, bei na siku ya malipo. Asikope fedha nyingi kwa kutegemea wingi wa wageni wa sikukuu moja.

La nne ni usalama na usafi. Mto mtulivu huua kwa sababu watu huudharau. Jaketi la kujiokolea, mwongozaji anayejua njia, na taarifa ya maji yanayofunguliwa bwawani si mapambo. Vivyo hivyo mkulima anayeosha pampu ya dawa ya wadudu ukingoni anaharibu zao lake la pili kwa mkono wake mwenyewe, pamoja na maji ya kunywa ya walio chini.

Mkulima anapokaa kupiga hesabu za mwaka, safu ya kwanza iwe ya mavuno na ya pili iwe ya maji aliyoyavuta. Ni vema akaongeza safu ya tatu, ya maji aliyoyaacha na nani aliyalipia. Ikiwa safu hiyo ni tupu, haimaanishi maji hayo hayana thamani. Huenda yupo mwingine anayeyauza, na mwenye shamba hajawahi kumwomba mkataba.